Wakwe Waliouliza Nilivuka Mpaka Gani

Wiki jana niliwaacha nimesimama nje ya ploti moja ya vyumba vya kupanga kule Kiuu, Ruiru, godoro langu limeegemezwa ukutani na mlango wangu una kufuli ambayo si yangu.

Kwa aliyetukuta njiani, nitasema kwa ufupi. Naitwa Safaa Abdulkarim. Nilizaliwa Thika, nikasomea Thika, na hadi juzi nilikuwa napakia biskuti katika kiwanda kimoja pale Eneo la Viwanda. Akaja msimamizi mpya. Akatazama pua yangu, akatazama hijabu yangu, akawauliza wenzangu, "Huyu Msomali alipataje kazi hapa?" Mimi hakuniuliza, kwa hivyo sikupata nafasi ya kumjibu. Nikaambiwa niende nyumbani nipumzike, wataniita.

Hawajaniita.

Maneno yakafika Ruiru kabla yangu. Mwenye ploti akaita askari. Askari wakachukua kitambulisho changu, wakakigeuza juu chini, wakakiinua kwenye mwanga, wakasema wanaenda kukikagua. Hadi leo wanakikagua.

Mnisamehe nikirudia jambo moja. Pua hii haikutoka Mogadishu. Ni ya nyanya aliyemzaa baba yangu, Mborana wa Isiolo. Mumewe alikuwa Mnubi wa Kibera. Mama yangu, Zainab, ni Mkamba wa Masii aliyesilimu alipoolewa. Katika hao wote, aliyewahi kuvuka mpaka ni marehemu baba peke yake. Alipeleka saruji Moshi kwa lori, akarudi akilalamikia ugali wao.

Lakini nani ana wakati wa kusikiliza ukoo mrefu namna hiyo? Pua huonekana mara moja, kazi ikaisha.

Basi nikarudi kwa mama, Thika. Nikadhani nimefika mwisho wa mkosi. Ya wiki hii hayakuletwa na msimamizi wala mwenye ploti. Yaliletwa na wakwe.

Calvince ni mchumba wangu. Ni fundi wa umeme mjini Ruiru, mrefu, mpole, Mjaluo wa Migori. Alisilimu mwaka jana kwa hiari yake, akakataa kubadilisha jina, akasema Mungu anamjua kama Calvince.

Alinipigia simu.

"Mama anakuja Jumamosi," akasema. "Na baba mdogo Absalom. Wanataka kuona kwenu."

"Wanajua mimi ni nani?"

"Wanajua."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia wewe ni mtu wa Thika."

"Nao wakasema nini?"

"Baba mdogo aliuliza, Thika ya wapi."

Nikajua hapo hapo kwamba Jumamosi hiyo haitapita salama.

Mama alipika tangu asubuhi. Alipika pilau, akapika kuku, na kwa sababu ni mtu wa Masii na hana haya nayo, akapika na muthokoi ya mahindi yaliyokobolewa. Kaka yake, Mjomba Mbuvi, alikuja kutoka Ukambani kusimama mahali pa baba. Alivaa koti lake la kanisani, akakaa kwenye kiti karibu na geti ili awapokee wageni kwa heshima.

Wageni walipofika, wa kwanza kushuka alikuwa Absalom. Yeye ni mdogo wa marehemu baba yake Calvince. Alikuwa karani wa serikali zamani zile, akastaafu, lakini ukarani haujamstaafu. Alivaa suti na tai kubwa. Alimtazama Mjomba Mbuvi, akampa mkoba wake aubebe.

"Shika hii, mzee," akasema. "Hawa watu wanakulipa vizuri?"

"Watu gani?" Mjomba akauliza.

"Hawa Wasomali wako."

"Mwenye nyumba hii ni dada yangu."

Absalom akacheka, akampiga begani. "Hiyo ni tabia nzuri. Hata mchungaji wa ng'ombe zangu huniita kaka."

Mjomba Mbuvi alibaki na mkoba mkononi. Ni mtu mkubwa katika kanisa lao, ana wajukuu waliomaliza chuo, na siku hiyo alitangazwa mlinzi wa geti kwa sababu ni mweusi na amekaa karibu na geti.

Nyuma ya Absalom akaja Mama Aoko, mama yake Calvince. Ni mama mnene, mwenye kitambaa cheupe kichwani na uso ambao hauchekichekei watu. Nilimwamkia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Karibu sana."

"Marahaba, binti. Asante." Akanitazama kuanzia kichwani. "Unazungumza Kiswahili kizuri."

"Ni cha hapa tu, mama."

"Mlifundishwa kambini?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kambi gani, mama?"

"Si kule Dadaab, kwa wakimbizi. Huwa tunaona kwa televisheni. Poleni sana."

Alisema kwa huruma kabisa. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Mtu akikutukana, unamrudishia. Mtu akikupa pole ya vita ambavyo hukuviona, utamwambia nini? Nilisema asante.

Tukaingia ndani, tukaketi. Mama akawa anapakua.

Absalom alionja pilau, akatikisa kichwa kama mtu wa kamati. "Chakula cha kwao si kibaya," akamwambia Calvince, kana kwamba sisi tulikuwa chumba kingine. Akavuta sahani ya muthokoi. "Na hii?"

"Ni muthokoi," mama akasema. "Chakula cha kwetu, Ukambani."

"Mmejifunza hata vya hapa," akasema Absalom. "Vizuri. Mtu akija nchi ya watu, ajifunze."

Calvince akaweka kijiko chini. "Baba mdogo, mama yake Safaa ni Mkamba."

"Nimesikia."

"Mjomba wake ndiye huyu ulimpa mkoba."

Absalom alimtazama Mjomba Mbuvi, akamtazama mama, akalitazama buibui la mama. Mama yangu ni mweusi kuliko Mjomba Mbuvi, lakini buibui lilikuwa limeshamtoa Masii likamvusha mpaka wa Somalia pale Mandera.

"Tusizungukezunguke," Absalom akasema, akipangusa vidole. "Mimi nimefanya kazi na watu wa kila aina. Sichukii mtu. Lakini tunataka kujua tunaoa wapi. Mama, ulivukia wapi? Mandera au Liboi?"

"Nilivuka mto Athi," mama akajibu polepole. "Nilikuwa nakuja kuolewa."

Mjomba Mbuvi akacheka hadi akakohoa.

"Mnaona?" Absalom akamgeukia shemeji yake, Mama Aoko. "Wanaficha."

"Baba mdogo, tafadhali," Calvince akasema.

"Mwache aulize." Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Aoko, na alisema bila kuinua macho. "Mwanangu, ulibadilisha dini nikameza. Ilikuwa chungu, lakini nimeimeza. Nchi siwezi. Wajukuu wangu watakuwa watu wa wapi?"

"Watakuwa watu wa Ruiru, mama," Calvince akajibu.

"Ruiru si kabila."

Nikainuka nikaenda jikoni, maana nilihisi nitasema neno ambalo halirudi. Nikawa naosha masufuria ambayo hayakuwa machafu.

Baada ya muda Mama Aoko akaja, akasimama mlangoni.

"Samahani, binti. Naomba chumvi."

Sasa, mnaosoma gazeti hili mnajua jinsi sisi watu wa bara huku tunavyoongea. Chumvi haiombwi. Tunasema nipatie chumvi, na aliye na haraka anasema leta chumvi. Mimi nilikuwa nimefanya kazi na akina mama wa Migori kiwandani, na sijasikia hata mmoja akiomba chumvi na kutanguliza samahani.

Nilimpa. Akaona sufuria ya maharagwe ya kesho yaliyolowekwa.

"Maharage haya ni mazuri," akasema. "Kule kwetu yamepanda sana. Hela yote inaishia sokoni."

Maharage. Hela. Huku kwetu ni maharagwe na pesa.

"Mama," nikasema, "Kiswahili chako wewe ndicho kizuri. Ulijifunzia wapi?"

Mkono wake ulioshika chumvi ulisimama.

"Shuleni."

"Migori?"

"Huko huko," akajibu, akatoka. Chumvi aliiacha mezani.

Ningeweza kusema kwamba sikulitilia maanani, lakini ningekuwa naongopa. Nilijiambia palepale, huyu mama si wa upande huu. Halafu nikajidharau. Nilikuwa nimempima mtu kwa neno moja la maharage, jinsi yule msimamizi alivyonipima mimi kwa pua. Nikakausha mikono, nikarudi sebuleni, nikaketi.

Absalom hakuwa pale. Alikuwa ametoka nje kupiga simu. Aliporudi alikuwa na furaha. Akaomba kuku tena, akasifu hewa ya Thika, akamuuliza Mjomba Mbuvi habari za mvua Ukambani. Nikadhani labda amejirudi. Mjomba naye alidhani hivyo, kwa sababu alimrudishia mkoba wake na kumwita "bwana mkubwa."

Tulikuwa tunakunywa chai geti lilipogongwa.

Waliingia wawili, mwanamume na mwanamke, na sare zao. Walisema wanakagua wageni wa kutoka nchi za nje. Ofisi yao ni gani hawakueleza, na katika nyumba yetu siku hizi hatuulizi tena. Mwanamume alikuwa mnene, na jina lake lilikuwa kifuani, Kyengo. Mwanamke alikuwa msichana mdogo tu, aliyemwita mwenzake "afande" na yeye akiitwa Lynn.

"Tumeambiwa hapa kuna watu hawana vibali," Kyengo akasema.

"Karibuni, karibuni," akajibu Absalom, haraka kuliko mwenye nyumba.

Mama alisoma lile jina la Kikamba kifuani, uso wake ukafunguka. Akamsalimu kwa Kikamba. Kyengo akajibu nusu ya salamu, kwa mazoea tu, jinsi mtu anavyompokea mama wa kijijini kwao. Halafu akashtuka akajikatiza.

"Unaona hawa?" akamwambia Lynn. "Siku hizi wanajifunza mpaka lugha zetu."

"Kijana," mama akasema, "mimi nilikuwa naongea lugha hii kabla mama yako hajakuzaa."

"Nani alikufunza?"

"Mama yangu."

"Aliyetoka wapi?"

"Masii."

"Na kabla ya Masii?"

Mama alivuta pochi yake. "Kwani kabla ya Masii kuna wapi?"

Akatoa kitambulisho chake kutoka ndani ya pochi, akampa. Kyengo alikisoma. Kimeandikwa Zainab, kimeandikwa Masii. Alimrudishia kama mtu anayerudisha samaki aliyeanza kuoza.

"Hivi vinanunuliwa," akasema. Akanigeukia mimi. "Na wewe?"

"Changu kimechukuliwa na askari kule Ruiru."

"Kwa nini?"

"Kikaguliwe."

"Kama ni halali, kinakaguliwa kwa nini?"

"Si nyinyi ndio mnaokagua."

"Kwa hivyo kina shida."

"Hakina shida."

"Basi kwa nini kinakaguliwa?"

Angeendelea hivyo mpaka jioni, na kila mzunguko angetoka mshindi. Niliona heri ninyamaze. Alichukua kunyamaza kwangu kuwa jibu, akanishika mkono juu ya kiwiko.

"Twende. Utaeleza mbele."

"Mbele wapi?" Mjomba Mbuvi akauliza, akasimama.

"Mzee, wewe kaa. Wewe huna shida."

"Huyu ni mtoto wa dada yangu."

"Nimekuambia wewe huna shida."

Kumbe Mjomba angeweza kuapa mpaka sauti ikauke, bado angekuwa Mkamba anayelinda geti la Wasomali. Mama alianza kuvua viatu vya nyumbani avae vya kutokea, akavivaa cha kushoto mguu wa kulia. Sijawahi kumwona mama yangu amebabaika. Hapo woga ukanishika kweli. Nimesikia habari za watu wanaowekwa ndani wakingojea kurudishwa kwao. Mimi ningerudishwa wapi? Isiolo kwenye kaburi la nyanya?

Calvince alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Hatoki," akasema.

Kyengo hakukasirika. Aliongea naye kwa upole, kama kaka mkubwa. "Kijana, wewe ni wetu. Usijiharibie maisha kwa sababu ya hawa watu. Warembo ndiyo, lakini kesho utaamka ameenda na jina lako."

"Hatoki bila mimi."

"Nikikushika kwa kuzuia kazi, mama yako atalia."

Lynn alikuwa hajasema kitu tangu waingie. Alikuwa anatazama tu, na nilimhesabu pamoja na mkubwa wake. Sasa akasema, "Afande, utaratibu ni kukagua wote waliomo."

"Wote akina nani?"

"Waliomo ndani ya nyumba."

Kyengo akashusha pumzi kama mtu aliyeombwa kuhesabu mchanga. "Haya. Toeni."

Mjomba Mbuvi akatoa chake. Calvince akatoa chake bila kuondoka mlangoni. Absalom akatoa chake kwa madaha, akakishika mbali ili picha ionekane. Mama Aoko hakutoa kitu.

"Mama?" Lynn akasema.

"Nimekiacha nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Migori."

"Huyo mwache," Kyengo akasema. "Huyo ni mama wa Migori. Huoni?"

"Naona, afande. Hata huyu dada namwona. Wote wawili hawana kitambulisho, na mmoja tu ndiye umemshika."

Kwa mara ya kwanza tangu kazi ya kiwandani inipotee, mtu alikuwa amesema jambo lenye akili mbele yangu. Lakini sikufurahi, kwa sababu nilimwona Mama Aoko. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti na jasho limemtoka chini ya kile kitambaa cheupe.

"Lynn, usitupotezee wakati," Kyengo akasema. "Tumeitwa kwa ajili ya Wasomali. Huyu mzee alitueleza vizuri kwa simu." Akamwonyesha Absalom kwa kidevu.

Sote tukamgeukia.

"Baba mdogo," Calvince akasema. "Ni wewe?"

"Nimekuokoa," Absalom akajibu. "Leo utanikasirikia, kesho utanishukuru."

"Ulikula chakula chao."

"Chakula ni chakula."

Nilidhani Calvince atamrukia. Lakini aliyesimama alikuwa mama yake. Alisimama polepole, akamkabili shemeji yake.

"Absalom. Umeita serikali katika nyumba ambayo nimo mimi?"

"Shemeji, keti."

"Mimi, Absalom? Na unanijua?"

"Nimesema keti. Nyamaza."

"Anakujua nini, mama?" Lynn akauliza.

Absalom akaingilia kati, akacheka kicheko kifupi. "Afisa, huyu ni mke wa marehemu kaka yangu. Amechoka na safari. Ni presha."

"Nimemuuliza mama."

Mama Aoko alitazama chini. Nikaona anahesabu, kisha nikaona amechoka kuhesabu. Watu wanasema hasira hupofusha, lakini yule mama hasira ilimfungua mdomo.

"Mimi ni wa Shirati," akasema.

"Shirati ni wapi?" Kyengo akauliza.

"Tanzania."

Kyengo akatabasamu, akidhani anataniwa. "Mama, acha mchezo. Wewe ni Mjaluo."

"Ndiyo. Na Shirati kumejaa Wajaluo, kijana. Hukufundishwa?"

Hakufundishwa. Ilionekana usoni. Alimtazama yule mama kwa makini, pua, ngozi, kitambaa, akitafuta mahali ambapo Tanzania imeandikwa. Hakupaona. Nilimwonea kinyaa na huku bado amenishika mkono. Mama huyu alikuwa amekaa nchi hii maisha yake yote ya utu uzima bila karatasi, hakuna mwenye ploti aliyemfungia, hakuna msimamizi aliyemtuma nyumbani, kwa sababu alifanana na watu walivyotarajia. Na bado alikuwa ameketi kwenye kiti cha mama yangu akinipa pole ya Dadaab.

"Ulivuka lini?" Lynn akauliza.

"Aliolewa huku," Absalom akasema. "Ni mke wetu. Mambo ya nyumbani hayo."

"Ulivuka lini, mama?"

Mama Aoko akamtazama mwanawe. Calvince alikuwa bado amesimama mlangoni, amejaza mlango, anazuia nisitolewe.

"Alikuwa mgongoni," akasema.

"Nani?"

"Huyu."

Calvince akatazama nyuma yake, kana kwamba kuna mtu mwingine kule nje. "Mama, mimi nilizaliwa Migori," akasema. "Imeandikwa."

"Iliandikwa na Absalom. Ndiye aliyekuwa karani."

Absalom akaketi. Tai ilikuwa imempanda shingoni, na hakuishusha.

"Nilikuwa nasaidia familia," akasema. "Kaka alimpenda mwanamke mwenye mtoto. Ningefanya nini?"

"Ungekumbuka leo," Mama Aoko akamjibu.

Na hilo ndilo sijalielewa hadi ninapoandika haya. Mtu aliyeandika uongo huo kwa mkono wake aliwezaje kuinua simu kuwaita wakaguzi wa wageni, huku shemeji yake asiye na karatasi ameketi karibu naye anakunywa chai? Nimefikiri sana. Nadhani haikumjia akilini. Mgeni, kwa Absalom, ni mtu mwenye pua kama yangu. Hao wengine ni watu tu.

"Mama," Calvince akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Baba hakuwa baba yangu?"

"Alikulea. Alikupenda."

"Sijauliza hilo."

"Baba yako yuko Shirati. Ana watoto wengine."

Calvince aliuacha mlango. Alienda akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyeitwa na hajui nani amemwita. Lynn alikitazama kile kitambulisho cha Calvince alichokuwa bado anacho mkononi. Hakumrudishia. Alimpa Kyengo.

Kyengo alikisoma, akamtazama, akakisoma tena. Jamaa aliyekuwa "wetu" muda mfupi uliopita alikuwa amegeuka mbele ya macho yake, na uso haukuwa umebadilika hata kidogo. Ilimchukua muda. Kisha Kyengo akauachia mkono wangu, akaushika wa Calvince.

"Hapana," nikasema. "Huyu hakujua."

"Ataeleza mbele," Kyengo akajibu. Ni maneno yale yale aliyonipa mimi. Nadhani hana mengine.

Nilimgeukia mama yangu anisaidie kumtetea. Alikuwa ameshavaa viatu vyake vya kutokea. Sasa kila kiatu kilikuwa kwenye mguu wake. Alijifunga buibui vizuri, akamtazama Mama Aoko, akamtazama Absalom, halafu akamtazama Calvince, kijana ambaye tangu mwaka jana alikuwa akimwita mwanangu na kumwekea chakula cha futari.

"Kaka Mbuvi," akasema, "waambie wageni mazungumzo yamekwisha. Mimi simwozi binti yangu mtu asiyejulikana atokako."

"Mama," nikasema.

"Nimesema. Wajukuu wangu watakuwa watu wa wapi?"

Nilimtazama vizuri nikitafuta mzaha. Hakukuwa na mzaha. Mjomba Mbuvi alitazama sakafu. Mama Aoko aliyatambua maneno yake, akageuza uso.

Calvince hakumtazama mama yake, wala Kyengo aliyemshika. Alinitazama mimi, akingojea nimpinge mama.

Nami nilikuwa nimesimama pale, nasugua mkono ambao ulikuwa umetoka kuachiwa.